Chumba cha Ukaguzi

Ndugu zangu wa Makambako, wa Njombe na wa popote hadithi hii itakapowakuta, hasa ninyi wenye nyumba zenye nafasi na mioyo ya kupokea wageni, naomba masikio yenu. Mambo haya yaliipata nyumba ya watu wema. Nasema wema, wala sifanyi mzaha. Ndiyo maana yanatisha.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba jua lilitoka Makambako baada ya siku nyingi za ukungu na manyunyu, na watu wakatoka nalo. Esnath aliketi uani kwenye kigoda akimenya viazi. Mbele yake, juu ya mkeka, Tawonga alikuwa akimsuka Jasmine nywele. Jasmine, binti mdogo wa Esnath, alikuwa na miaka mitano na mdomo usiojua kupumzika, na asubuhi hiyo alikuwa ameamua kumfundisha dada yake salamu za Kibena, lugha ya wenyeji.

"Sema kamwene."

"Kamwene."

"Siyo hivyo! Unasema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni."

Wote walicheka, hata Elius, mume wa Esnath na mwenye nyumba, aliyekuwa akipaka rangi stuli karibu na mlango wa jikoni. Elius alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alikuwa mzee wa kanisa. Watu walimheshimu.

Tawonga hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Karonga, kaskazini mwa Malawi, mwanafunzi wa chuo cha kilimo aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika kiwanda cha kufungasha maparachichi. Kiswahili alikijua kwa mama yake, ambaye alifanya biashara ya mchele mpakani kwa miaka mingi. Kitu asichokijua kilikuwa baridi. Kwao Karonga, ziwani, watu hulala madirisha yakiwa wazi na bado wanajipepea.

Simu ya Elius ikaita. Alitazama jina, akasita, kisha akapokea.

"Mzee Elius, shikamoo. Nahumu hapa, nipo ofisini Njombe. Vipi ile barua ya mtaa?"

Nahumu ndiye aliyekuwa mratibu wa mpango ule wa kubadilishana wanafunzi. Sauti yake ilisikika uani kote.

"Marahaba, kijana wangu. Mwenyekiti amesafiri. Akirudi tu, naifuata."

"Mzee, si unakumbuka nilivyokueleza? Bima ya afya ya Tawonga haifunguki bila barua hiyo. Kampuni inataka serikali ya mtaa ithibitishe binti analala wapi. Ya safari ilimlinda njiani tu, nayo imekwisha."

"Nimekuelewa. Wiki ijayo."

Elius akakata simu na kurudi kwenye rangi yake. Esnath akainamia viazi. Asubuhi ileile alikuwa amesimama sokoni na mwenyekiti wa mtaa, Mama Dafroza, wakichagua nyanya kwenye fungu moja. Mama Dafroza hakuwa amesafiri kwenda kokote.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, muelewe kwa nini mzee wa kanisa alisema uongo mchana kweupe.

Kabla Tawonga hajafika, Nahumu alikuja kukagua nyumba. Walimwonyesha chumba cha Rejoice, binti yao mkubwa aliyekuwa shule ya bweni. Chumba kilikuwa na dirisha la kioo, dari, kitanda na kabati. Esnath alitundika pazia jipya. Nahumu akapiga picha, akaridhika, akaondoka. Tawonga alilala chumba hicho mwezi wake wa kwanza.

Kisha akaja Tarsis, mnunuzi wa mbao kutoka Ludewa, akitafuta chumba cha kupanga. Alikuwa tayari kulipa kodi ya mwaka mzima mbele. Elius akamwita mkewe pembeni.

"Mama Rejoice, huyu binti yuko kiwandani kutwa. Anarudi kulala tu. Ile stoo si inamtosha?"

"Baba Rejoice, stoo haina dirisha."

"Ina matundu ya hewa. Kwani mbolea ilikuwa inakufa mle?"

Esnath alicheka kidogo, kwa sababu mumewe alikuwa amesema jambo la kuchekesha, na kicheko kile ndicho kilichokuwa jibu lake. Magunia ya mbolea na mahindi yakatolewa, sakafu ikadekiwa, kitanda kikaingizwa. Tawonga aliposhikwa mkono na kuonyeshwa makao yake mapya, alitazama kuta za tofali, akatazama mlango wa chuma, akasema, "Hakuna shida, mama."

Ndugu zangu, mgeni akisema hakuna shida, msimwamini upesi. Mara nyingi anasema hivyo kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Tangu siku ile barua ya mtaa ikawa mwiba. Mama Dafroza alikuwa mtu wa kufika mwenyewe. Asingeandika kwamba mgeni anaishi mahali ambapo hajapaona kwa macho yake, na akipaona, angeuliza. Kwa hiyo Elius akawa anaahirisha, wiki baada ya wiki. Nahumu naye, badala ya kupanda gari na kuja, akawa anapiga simu. Barabara ya Njombe hadi Makambako ni lami tupu. Hakuja.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, Tawonga alilalamika kwa upole kwamba upepo unampiga usiku. Elius akapanda ngazi na kuyaziba matundu ya hewa kwa viroba. Esnath naye akampa jiko dogo la mkaa. "Lipashe chumba moto, mwanangu, halafu ulitoe nje kabla hujalala." Kila mmoja wao aliona amemtendea wema.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi, ambalo Esnath hakumwambia mtu. Mama yake Tawonga alikuwa akimpigia simu.

"Mama Rejoice, sina cha kukulipa. Unanilelea. Analala pazuri?"

"Pazuri sana, mama. Chumba chake kina dirisha la kioo. Usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi ule ukahamia kwa Esnath. Kila Tawonga alipokohoa, Esnath alishtuka. Kila pikipiki iliposimama getini, alidhani ni Mama Dafroza. Alikuwa akiamka asubuhi na jambo la kwanza kusikiliza lilikuwa mlango wa chuma, kama umefunguliwa. Ukilia, moyo ulitulia. Lakini hakusema neno. Alijiambia mumewe ndiye mwenye nyumba, na kwamba mafunzo yataisha mwezi wa tisa, na kwamba Mungu ni mwema.

Kesho yake, Jumapili, jua lilifichika tena. Tawonga aliamka na mafua mazito, akaomba abaki. Esnath alimwachia uji kwenye chupa, akaenda kanisani na Elius na Jasmine. Kanisa halikuwa mbali na nyumbani.

Kwaya ya akina mama iliimba. Esnath alikuwa katika sauti ya pili. Wakakaa. Kisha watoto wa shule ya Jumapili wakaingia kwa mstari ili waseme mistari ya Biblia waliyoikariri mbele ya usharika. Esnath akamtafuta Jasmine kwa macho. Akaupitia mstari toka mwanzo hadi mwisho. Akaurudia. Jasmine hakuwemo.

Aliinuka katikati ya watu, akamfuata mwalimu wa watoto mlangoni.

"Jasmine wangu yuko wapi?"

"Si alisema umemruhusu, mama? Kaenda kumwangalia dada yake mgonjwa. Kitambo kidogo."

Esnath aligeuka papo hapo. Aliteremka ngazi za kanisa akiwa na joho la kwaya, akaanza kutembea, kisha akajikuta anakimbia. Akajiambia hakuna kitu. Mtoto anapenda dada yake, ameenda kucheza, hakuna kitu. Mama mmoja alimsalimia njiani, naye akapita kama kiziwi.

Geti lilikuwa wazi. Jasmine alikuwa amelala kwenye mkeka uani, kwenye baridi, amejikunja, matapishi kando ya shavu lake.

"Jasmine! Jasmine!"

Mtoto akafumbua macho kwa shida. "Mama, kichwa kinauma. Tulikuwa tunaota moto. Dada alisema nitoke nje nipate hewa, na yeye anakuja."

"Yuko wapi?"

"Hajaja." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtoto anayetaka kusifiwa, "Nimemfungia mlango asisikie baridi."

Esnath alifika kwenye stoo. Alisukuma mlango, ukagoma. Haukuwa umefungwa kwa komeo. Kulikuwa na kitu kizito nyuma yake. Alisukuma kwa bega, akilia, akiita jina la yule binti, na mlango ukasogea kidogo kidogo hadi alipoweza kupitisha mkono, na mkono wake ukagusa nywele.

Ukelele wake ulimtoa Tarsis chumbani, kile chumba chenye dirisha la kioo. Alikuwa amevaa fulana na kandambili. Hakuuliza swali. Aliusukuma mlango kwa mgongo hadi ukafunguka, akamkokota Tawonga nje, akamweka kwenye gari lake dogo la kubebea mbao, Jasmine na mama yake wakapanda nyuma, wakaondoka.

Hospitalini hawakucheleweshwa. Wote wawili walivalishwa barakoa za oksijeni. Daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimweleza Esnath kwamba jiko la mkaa katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa, huhisi kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, na akitaka kusimama hawezi.

"Huyu mdogo ameokolewa na kutoka nje mapema. Atakuwa salama," daktari alisema. "Dada yake simwelewi bado. Anapumua, ila haamki. Lazima aende Njombe, kwenye vipimo vya kichwa na uangalizi wa karibu. Ana bima?"

Esnath akageuka kuutazama mlango, akimngoja mumewe.

Elius alifika akiwa na suti yake ya kanisani, kola imelowa jasho. Alipomwona Jasmine ameketi kitandani akinywa maji, alifunika uso kwa mikono miwili. Kisha akampigia Nahumu simu. Walizungumza kwa muda, na mwisho Elius hakuwa anasema, alikuwa anasikiliza tu.

"Anasemaje?" Esnath aliuliza.

"Bima haijafunguliwa. Kampuni haina jina lake. Anasema aliniomba barua." Akaiweka simu mfukoni. "Anasema pia yeye mwenyewe alipaswa kuja kuangalia. Analia."

Muuguzi alikuja na karatasi za rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari, ila alitakiwa mtu wa kutia sahihi kwamba ndiye mwenye dhamana ya mgonjwa huyu na gharama zake huko aendako. Elius akamvuta mkewe hadi kwenye korido.

"Mama Rejoice, tusikurupuke. Huyu si mtoto wetu. Ana wazazi, ana chuo, ana nchi yake. Tukitia sahihi tumejifunga. Mpigie mama yake. Mwambie aliwasha jiko akafunga mlango. Si ndivyo ilivyokuwa? Hatukuwepo."

Esnath alimtazama mume wake. Waliishi pamoja miaka kumi na minane na hakuwahi kumpinga mbele za watu. Kupitia mlango ulio wazi alimwona Jasmine, nywele zake zimesukwa nusu mistari na nusu timutimu, kwa sababu jana alikimbilia michezo na giza likaingia kabla Tawonga hajamaliza.

"Baba Rejoice," alisema, "matundu yalizibwa na nani?"

Elius akalegeza tai yake.

"Jiko alipewa na nani? Na nani alicheka ulipotaja mbolea? Nilikuwa mimi."

Akamgeukia muuguzi, akachukua kalamu, akatia sahihi. Ndipo akatoka nje, akasimama ukutani, akapiga simu Karonga. Aliomba moyoni isipokelewe. Ikapokelewa mara ya kwanza.

"Mama Rejoice! Leo umenitangulia."

"Mama Tawonga, mwanao yuko hospitali. Amevuta hewa mbaya ya mkaa. Bado hajaamka." Esnath akajua kwamba akinyamaza sasa hatasema tena kamwe. "Nisikilize, mama. Nilikudanganya. Halali chumba chenye dirisha. Tulimhamisha, tukampangisha mtu mwingine. Alikuwa analala stoo. Mimi ndiye niliyempa jiko. Na bima yake haikukamilika kwa sababu tuliogopa watu wasije wakaiona stoo hiyo."

Aliingoja laana. Alikuwa tayari kuipokea.

"Anapumua?" sauti ikauliza.

"Anapumua."

"Kaa naye. Usimwache peke yake. Nakuja."

Esnath alikaa naye. Ndani ya gari la wagonjwa alimshika mkono toka Makambako hadi Njombe, akihesabu pumzi zake, akipoteza hesabu, akianza upya. Hospitali ya Njombe walimpokea, wakampima, wakamlaza chumba cha uangalizi maalumu. Esnath alilala kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa aliinuka.

Mama yake Tawonga alifika akiwa na mfuko mmoja wa nguo na vumbi la safari. Alikuwa mwanamke mfupi, kimya, mwenye kilemba cha bluu. Alimpita Esnath, akaenda kwa mwanawe, akaketi. Tawonga alifumbua macho siku ya pili ya mama yake kuwepo. Alimtambua. Lakini mikono yake ilitetemeka kama ya mzee, na aliuliza swali lilelile tena na tena: kama maparachichi ya kiwandani yamepakiwa.

Siku moja mama yule aliomba apelekwe Makambako akachukue vitu vya binti yake. Elius alimfungulia mlango wa stoo. Aliingia, akasimama katikati, akatazama juu palipozibwa. Alikusanya nguo taratibu, akazikunja moja moja, wakati mwenye nyumba amesimama uani bila kujua mikono yake aiweke wapi.

Alipotoka, Elius alisema, "Mama, tusamehe."

"Mimi nina nyumba ya udongo, baba," mama alijibu. "Ina madirisha matatu. Mngeniambia hamna nafasi, ningemwambia arudi nyumbani. Nisingewaona watu wabaya."

Hakupandisha sauti. Elius alisema baadaye kwamba angependelea kupigwa.

Gharama za matibabu hazikungoja. Elius alikuwa na shamba la misonobari upande wa Kichiwa, aliyoipanda mwaka aliozaliwa Rejoice. Aliiuza ikiwa imesimama, kabla haijakomaa, kwa bei ya mwenye shida, na aliyeinunua ni Tarsis, ambaye naye alikuwa amekwisha kuhama ile nyumba kwa hiari yake. Elius alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akavua uzee wa kanisa kabla hajaulizwa. Nahumu aliondolewa kwenye kazi yake. Na Mama Dafroza alifika nyumbani, akakaa na Esnath jikoni, akasema jambo moja tu: "Ungeniita, mdogo wangu. Nisingekuja kuwafunga. Ningekuja kuyazibua yale matundu."

Mwisho wa mwezi wa nane Tawonga aliruhusiwa kwenda kwao. Mafunzo hakuyamaliza. Chuo kilimpa mwaka wa kupumzika, na madaktari walisema huenda mikono itatulia na huenda isitulie. Stendi ya Makambako asubuhi ile kulikuwa na upepo. Tawonga alijaribu kufunga zipu ya koti lake, vidole vikaikosa, akajaribu tena, vikaikosa. Esnath akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi, mbele za watu wote, akamfungia hadi shingoni.

"Asante, mama," Tawonga akasema.

Basi likaondoka. Esnath alibaki amepiga magoti mpaka mpiga debe alipomwomba asogee.

FUNZO

Msomaji wangu, ukimpokea mtoto wa mtu, iwe ametoka Malawi au Makete, mlaze mahali ambapo ungemlaza wako. Chumba ulichokionyesha siku ya ukaguzi ndimo alale hadi siku ya kuondoka. Na kama huwezi, sema huwezi. Kukataa kwa heshima hakujawahi kumuua mgeni.

Ninyi mnaosimamia vijana wanaokwenda kujifunza nchi za watu, simu haina macho. Nendeni mkaone. Na kijana asilale hata usiku mmoja ugenini kabla bima yake haijaanza kufanya kazi, kwa maana ugonjwa hausubiri barua.

Nanyi wazazi mnaowatuma, msiridhike na "pazuri sana." Mwambieni mtoto ageuze simu, awaonyeshe dirisha, mlango na mahali anapopikia. Akisema hakuna shida, muulizeni mara ya pili.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama baridi inauma mifupa. Hilo msilijadili.

Lakini la mwisho nawaambia wale wanaofanana na Esnath, kwa sababu tupo wengi. Hakupanga ubaya. Alinyamaza tu, akacheka mahali ambapo angepaswa kusema hapana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kama kuna stoo nyumbani kwako unayoogopa jirani asije akaiona, usingoje jirani. Nenda leo ukamtoe aliyemo.